Zabibu Mbili: Baada ya Kuitazama El laberinto del fauno Mara Tatu

Mara ya kwanza nilipoketi kuitazama El laberinto del fauno, niliizima kabla zimwi lake kubwa halijatokea. Nilikuwa peke yangu, usiku umekwenda, na taa nilikuwa nimezizima kwa makusudi ili nitishike sawasawa, kwani ndivyo nilivyokuwa nimesimuliwa: kwamba hii ni filamu ya njozi ya giza, ina viumbe wa kuogofya, na anayetaka kuitazama ajiandae. Nikajiandaa kwa ajili ya viumbe. Kilichonishinda kikawa chupa.

Askari wamewakamata baba mzee na mwanawe msituni, nao wanajitetea kwamba walikuwa wakiwinda sungura. Kapteni Vidal anaupekua mfuko wao bila haraka, anatoa chupa, na kwa kitako cha chupa hiyo anaanza kumpiga yule kijana usoni, pigo baada ya pigo, kama fundi anayegongomea msumari ambao haujaingia vya kutosha. Hana hata dalili ya hasira. Risasi zinafuata, kwa baba na kwa mwana. Ndipo anapourudia ule mfuko, anatia mkono, na kumtoa sungura. Walikuwa wamesema kweli. Vidal anawageukia askari wake na kuwakaripia kwa kuwa hawakupekua vizuri kabla ya kuja kumsumbua, na tukio linakwisha kana kwamba hasara yote iliyopatikana usiku ule ni usingizi wake.

Niliizima, nikawasha taa, nikaenda kunywa maji. Ilinichukua siku mbili kuirudia. Hadi sasa nimekwisha kuitazama mara tatu, na mara ya pili nilikuwa na mdogo wangu, ambaye alinibishia jambo moja kwa ukali hata ikanibidi niitazame tena peke yangu nipate kumjibu. Jibu lenyewe sikulipata zima, na uhakiki huu kwa sehemu kubwa ni mabishano yale yale. Asiyependa kufichuliwa mwisho wa kisa basi aitazame kwanza, kwani sitaweza kueleza kilichonigusa bila kuufikia mwisho huo.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2006. Imeandikwa na kuongozwa na Guillermo del Toro, Mmeksiko mzaliwa wa Guadalajara, na lugha yake ni Kihispania mwanzo mpaka mwisho. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Cannes, kisha ikateuliwa kuwania tuzo 6 za Oscar na kushinda 3, za upigaji picha, usanifu wa mandhari na upambaji wa sura. Kwa Kiingereza iliuzwa kwa jina la Pan's Labyrinth, jina linalopotosha kidogo, kwani kiumbe aliyemo si Pan, yule mungu wa Wagiriki, bali ni fauno asiye na jina, nusu mtu na nusu mbuzi. Nami nitamwita Fauno tu, kama anavyoitwa katika lugha ya filamu.

Kisa kinatokea Uhispania mwaka 1944, miaka 5 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika kwa ushindi wa dikteta Franco. Ofelia, msichana mpenda vitabu vya ngano, anasafiri na mama yake, Carmen, mjamzito na mgonjwa, kwenda kuishi katika kinu cha zamani kilichozungukwa na msitu. Huko ndiko baba yake wa kambo, huyo huyo Kapteni Vidal, alikoweka kambi ya kuwasaka wapiganaji wa msituni ambao hawakukubali kuweka silaha chini. Karibu na kinu pana magofu ya mzingile, na katikati ya mzingile pana shimo lenye ngazi, na chini ya ngazi hizo yupo Fauno, ambaye anamwambia Ofelia kwamba yeye ni binti wa mfalme wa ufalme ulio chini ya ardhi, na kwamba ili arudi kwao yampasa atimize majaribu matatu kabla mwezi haujawa kamili. Hadi hapo ni ngano ya kawaida kabisa, ya aina ambayo sote tunaijua hata kama hatujawahi kuisoma.

Sasa niingie kwenye zabibu.

Katika jaribu la pili Ofelia anachora mlango ukutani kwa chaki, mlango unafunguka, naye anashuka katika ukumbi mrefu wenye meza iliyosheheni vyakula. Ameonywa asile wala kunywa chochote. Kwenye kichwa cha meza ameketi kiumbe ambaye kwa Kihispania anaitwa Mtu Aliyepauka: ngozi imemning'inia kama nguo ya mtu mnene aliyokopeshwa mkonda, usoni hana macho, na macho yake mawili yamewekwa mbele yake kwenye sahani. Kuta zimechorwa picha zake akiwala watoto wachanga, na kando pamerundikwa viatu vidogo vidogo. Ofelia anaviona vile viatu. Kamera inahakikisha kwamba ameviona. Anachukua alichotumwa, yaani upanga mfupi uliokuwa umefichwa ukutani, na wakati wa kuondoka anapita karibu na meza, anachuma zabibu moja, anaila. Vijimalaika vinavyomwongoza vinamzuia kwa kumrukia usoni, naye anavipunga kando na kula ya pili. Nyuma yake vidole vya Mtu Aliyepauka vinaanza kucheza juu ya meza. Anayaokota macho, anayapachika katika viganja vya mikono, anainua viganja hivyo mbele ya uso, na kuanza kutembea.

Nilipiga kelele. Si kwa hofu, ingawa hofu ilikuwapo. Nilikuwa nimekasirika, na nilimwita Ofelia mjinga kwa sauti kana kwamba angenisikia. Vijimalaika viwili vinaliwa kwa sababu ya zabibu mbili. Huo ndio udhaifu ninaouchukia katika ngano zote duniani: mtu anakatazwa jambo moja tu, jepesi, na bila sababu ya maana analitenda lile lile, kwa kuwa msimulizi anahitaji balaa litokee. Kwa muda wote uliobaki nilikuwa nikiitazama filamu kwa kinyongo.

Mara ya pili, tulipolifikia tukio hilo, nilimwambia mdogo wangu mapema kwamba hapa ndipo mwongozaji alipoteleza. Hakuniunga mkono. Aliitazama ile meza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, huyu mtoto juzi amelazwa na njaa. Wewe umeshiba, ndiyo maana zabibu unaziona pambo." Nikamjibu kwamba njaa si sababu ya kuua. Akanijibu kwamba aliyeua si yule aliyekula. Hapo tukasitisha filamu, na majadiliano yakaenda hadi usiku wa manane.

Kwa bahati mbaya kwangu, alikuwa na hoja ambayo ipo kwenye picha yenyewe. Niliporudi kuitazama mara ya tatu niliyaweka akilini matukio mawili sambamba, nikaona jambo ambalo lilinipita mara mbili zilizotangulia. Jioni ya jaribu la kwanza, Ofelia akiwa ametambaa matopeni chini ya mzizi wa mtini kumfuata chura mkubwa, Vidal anaandaa karamu. Wageni wake ni wakubwa wa pale, pamoja na padri. Wanakula huku wakijadili kadi za mgawo wa chakula, kwamba kila familia itapata kadi moja ili wapiganaji wa msituni wasilishwe na ndugu zao, na padri, akijipakulia, anasema kwamba roho za watu hao Mungu amekwisha kuziokoa na kwamba miili yao haimhusu sana. Mwenye meza ameketi kwenye kichwa cha meza. Ofelia anarudi amechafuka, nguo mpya aliyoshonewa na mama yake imeharibika, na adhabu yake ni kulala bila chakula. Meza inayofuata ambayo filamu inatuonyesha imejaa vyakula vile ni ya Mtu Aliyepauka, naye pia ameketi kwenye kichwa cha meza, chakula kimejaa mbele yake, hakigusi, na anayekigusa anauawa.

Ni meza moja. Del Toro ameiandaa mara mbili, mara ya kwanza kwa watu wenye macho. Baada ya kuliona hilo sikuweza tena kudai kwamba zabibu zile ni uzembe wa mwandishi. Mtoto aliyenyimwa chakula na meza ya kwanza amekula kwenye meza ya pili, na sheria za meza zote mbili zimewekwa na wale wale wasiokuwa na njaa. Hata hivyo bado simkubalii mdogo wangu kila kitu, kwani vile vijimalaika vilimwonya, vikamrukia usoni, naye akavipunga kama nzi, na kupunga kule ndiko kunakoniuma zaidi ya kula kwenyewe. Filamu haimwondolei hatia hiyo. Fauno anapopata habari anafoka na kumwacha, na kwa siku kadhaa Ofelia anabaki bila mlezi yeyote, si wa juu ya ardhi wala wa chini yake.

Kitu kingine ambacho sikukiona mpaka mara ya tatu ni ufunguo. Jaribu la kwanza la Ofelia linaishia kwa ufunguo anaoutoa tumboni mwa chura. Jaribu la pili linaishia kwa upanga mfupi. Wakati huo huo, juu, kinuni, kuna Mercedes, mtumishi mkuu wa nyumba, anayecheza nafasi hiyo akiwa ni Maribel Verdú. Naye ana ufunguo, wa stoo ya chakula, ambao anaufanyia nakala kwa siri ili ndugu yake aliye msituni apate mahitaji. Na ana kisu, kijisu kifupi cha jikoni cha kumenyea viazi, ambacho kila anapomaliza kazi anakikunja ndani ya aproni kiunoni. Kamera inakionyesha kisu hicho kikikunjwa mapema sana, kwa sekunde chache tu, tena kwa namna ya kawaida hata mtazamaji anakisahau. Vidal naye hakioni. Mercedes anapokamatwa na kufungwa kwenye nguzo, Vidal anamwondoa askari wake kwa kuwa huyu ni mwanamke tu, anamgeuzia mgongo ili kupanga vyombo vyake vya kutesea, na nyuma yake kijisu kile kinakata kamba polepole. Mercedes mwenyewe anamwambia jinsi alivyoweza kufanya yote aliyoyafanya: kwamba kwake yeye hakuonekana. Nimeona filamu nyingi ambamo mwanamke anajikomboa kwa silaha, lakini sijui nyingine ambamo silaha yenyewe ni ile aliyokuwa nayo mkononi kila siku mbele ya macho ya bwana wake.

Pigo la kijisu hicho linampasua Vidal mdomo mpaka shavuni, na tukio linalofuata ndilo lililomfanya mdogo wangu afunike uso, yeye ambaye alikuwa amemtazama Mtu Aliyepauka bila kupepesa. Vidal anasimama mbele ya kioo na kujishona. Sindano inaingia, uzi unavutwa, ngozi inainuka. Anapomaliza anajimiminia kinywaji kikali, anakinywa, na kinywaji kinapenya kwenye mshono na kulowesha bandeji; anaguna kwa maumivu, kisha anajimiminia kingine. Sergi López, anayemwigiza, ana uwezo wa kufanya kitendo cha kinyama kionekane kama usafi wa mwili, kama mtu anayenyoa ndevu zake au kung'arisha viatu vyake, na hayo mawili pia tunamwona akiyafanya kwa uangalifu ule ule.

Amri na utii ndivyo vinavyoifunga filamu nzima. Daktari Ferreiro, aliyeigizwa na Álex Angulo kwa upole wa kuvunja moyo, anaitwa amtibu mateka aliyeteswa ili ateswe tena. Mateka huyo ni kijana mwenye kigugumizi ambaye Vidal alimwahidi kumwachia huru endapo angehesabu hadi tatu bila kukwama, naye alikwama kwenye tatu. Daktari anampa sindano ya kumpumzisha milele. Vidal anashangaa kwa dhati, wala haigizi mshangao: kwa nini hukunitii? Ferreiro anamjibu kwamba kutii kwa ajili ya kutii, bila kuuliza, ni jambo linalowezwa na watu kama yeye tu. Kisha anachukua mkoba wake na kutoka nje kwenye mvua, akitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda nyumbani, huku akijua kitakachomfuata mgongoni. Nadhani ndilo tukio bora kuliko yote, na hakuna kiumbe hata mmoja ndani yake.

Kwa kuwa tukio hilo limetangulia, jaribu la tatu la Ofelia linasomeka kwa wepesi. Fauno anamrudia, anamsamehe, na kumwamuru amlete ndugu yake mchanga kwenye mzingile. Huko anamtaka amtoe mtoto huyo damu, tone moja tu, kwa upanga ule ule wa jaribu la pili, ili mlango wa ufalme ufunguke. Ofelia anakataa. Hajui kwamba kukataa ndiko kufaulu. Kwa jinsi anavyoelewa yeye, ameupoteza ufalme, na sekunde chache baadaye Vidal anamfikia, anamnyang'anya mtoto na kumpiga risasi. Mdogo wangu alisema kwamba aliyekula zabibu na aliyekataa kumchoma mtoto ni msichana yule yule, na kwamba huwezi kumpata wa pili bila kumvumilia wa kwanza. Hoja hiyo nimeigeuza huku na huku. Naona kuna uasi wa tumbo na kuna uasi wa dhamiri, na si sahihi kuviweka kwenye mizani moja. Lakini nakubali kwamba mtoto aliyefundishwa kutii kila katazo bila kuuliza, hata lile la zabibu, angekuwa na kazi ngumu sana ya kusema hapana usiku ule kwenye mzingile.

Nimetaja kwamba mwaka ni 1944, na mtu asiipite tarehe hiyo haraka. Katika tukio moja pangoni, wapiganaji wa msituni wanasoma gazeti lenye habari za majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada kutua pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, yaani kule Normandy mwezi Juni mwaka huo, na nyuso zao zinachangamka. Walitumaini, kama walivyotumaini wengi wa aina yao, kwamba Hitler akianguka Franco atafuata. Mtazamaji anajua kisichojulikana pangoni: majeshi hayo hayakuvuka kuingia Uhispania, wapiganaji wa msituni walimalizwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, na Franco alitawala hadi alipofariki mwaka 1975. Kwa hiyo ushindi tunaouona mwishoni, Vidal akizingirwa mlangoni mwa mzingile, ni ushindi wa usiku mmoja. Del Toro hakuyasema haya popote katika filamu, ameliacha gazeti tu mikononi mwa watu wenye njaa na baridi, na mimi mara ya kwanza nililipita bila kulijali.

Ushindi wa usiku huo una kipengele kimoja cha ukatili ninachokiri kwamba nilikifurahia. Vidal ana saa ya mfukoni yenye kioo kilichopasuka. Karamuni mgeni mmoja anasimulia kwamba baba yake Vidal, alipokuwa akifa vitani, aliivunja saa yake ili mwanawe ajue dakika aliyokufa na ajifunze jinsi mwanamume shujaa anavyokufa, na Vidal anakanusha, akisema kwamba baba yake hakuwa na saa. Lakini tumemwona akiisafisha na kuikarabati usiku, peke yake. Mwishoni anaitoa saa hiyo, anamkabidhi Mercedes mtoto, na kuanza kueleza kile ambacho mwanawe aje kuambiwa. Mercedes anamkatiza. Mtoto huyo, anamwambia, hatalijua hata jina lako.

Kuhusu ufundi nitasema machache, kwani tuzo zilikwisha kusema. Fauno na Mtu Aliyepauka wameigizwa na mtu mmoja, Mmarekani Doug Jones, ambaye hakuwa akijua Kihispania. Alikariri maneno yake na ya Ofelia pia ili ajue zamu yake inafika lini, na sauti tunayoisikia hatimaye ni ya mwigizaji mwingine. Hulitambui hilo hata ukilitafuta. Fauno anasogea kama mti uliojifunza kutembea uzeeni, viungo vikilia, na kadiri filamu inavyosonga anazidi kuwa kijana, jambo ambalo badala ya kunituliza lilinifanya nimshuku zaidi. Mpigapicha, Guillermo Navarro, ameipaka dunia ya kinu rangi ya baridi ya kibuluu na dunia ya chini rangi za dhahabu na wekundu wa damu, kisha polepole rangi hizo zinaanza kuvujiana, hadi mwishoni huwezi kusema kwa hakika umesimama upande upi.

Dosari zipo. Vile vijimalaika vilivyotengenezwa kwa kompyuta vimechakaa kuliko vyote vilivyotengenezwa kwa mikono. Leo vinaonekana vimebandikwa juu ya picha, na pengo hilo linaonekana zaidi vinapokuwa karibu na ngozi ya Mtu Aliyepauka, ambayo unahisi ungeweza kuigusa. Carmen, mama yake Ofelia, amepewa muda mchache kuliko anavyostahili. Kuna dakika moja ya thamani kubwa karamuni, anaposimulia kwa haya jinsi alivyokutana na Vidal, na mume wake anawaomba radhi wageni mbele yake kwa kuwa mkewe hajui kwamba hadithi hizo hazimvutii mtu. Ningependa kumwona zaidi mwanamke aliyesikia maneno hayo kisha akaendelea kuishi nyumba moja na aliyeyasema. Badala yake anakuwa kitandani, akivuja damu, akisubiri kufa. Hata hivyo kifo chake kinatupatia tukio la mzizi wa mandragora, ule ambao Ofelia ameuweka chini ya kitanda katika bakuli la maziwa na kuulisha matone ya damu ili mama apone. Carmen anautupa motoni akimwambia bintiye kwamba uchawi haupo, si kwake, si kwa mama yake, si kwa mtu yeyote. Mzizi unalia motoni kwa sauti ya mtoto mchanga. Hapo hapo uchungu unamshika.

Mtu ataniuliza, kama nilivyojiuliza, iwapo Fauno yupo kweli au amebuniwa na mtoto mwenye hofu. Vidal anapomkuta Ofelia kwenye mzingile hamwoni Fauno; anamwona binti akizungumza na hewa. Lakini Ofelia alikuwa amefungiwa chumbani, mlango una mlinzi, na alitoka kwa mlango wa chaki. Vidal anakikuta kipande cha chaki mezani kwake, anakishika, anakitazama. Del Toro ameweka wazi katika mahojiano kwamba kwake dunia ile ni ya kweli. Mimi nilikuwa upande wa pili mara ya kwanza, na sasa naegemea upande wake, si kwa sababu ya maelezo yake bali kwa sababu ya kile kipande cha chaki mkononi mwa mtu asiyeamini chochote.

Kwa anayekusudia kuitazama: ina takriban saa mbili, na watoto wasiwepo, hata kama tangazo lake linaonyesha msichana, mti na mlango wa ajabu. Itazame kwa Kihispania chake yenye manukuu. Manukuu ya Kiingereza aliyaandika del Toro mwenyewe, kwa kuwa hakuridhishwa na tafsiri iliyofanyiwa filamu yake ya awali kuhusu vita vile vile, El espinazo del diablo ya mwaka 2001. Sauti zilizobadilishwa zitakunyima mambo mengi, na zaidi ya yote zitakunyima bembelezi la Mercedes. Ofelia anamwomba amwimbie, Mercedes anasema anaujua mmoja lakini maneno ameyasahau, na Ofelia anamwambia aimbe tu hivyo hivyo. Anaimba kwa kuguna, bila neno hata moja. Wimbo huo unarudi mwishoni, Mercedes akiwa amepiga magoti juu ya mwili wa mtoto, na tulipoufikia mdogo wangu hakusema kitu tena, wala mimi sikumwuliza kuhusu zabibu.

Kesho yake asubuhi nilimsikia jikoni akiosha vyombo, akiuguna.